Salamu za Idi, na swali moja la ziada: maji yamefika wapi?

Mwana wa Mohoro, Alhamisi 11 Aprili 2024

Wakuu, Idi Mubarak. Kwa tuliosoma pamoja tukatawanyika, na kwa wote mnaopita humu, Mungu azikubali funga zetu.

Nimechelewa kutoa salamu. Jana baada ya swala sikurudi nyumbani kula pilau. Nilipanda gari pale Rangi Tatu, Mbagala, na saa tano nilikuwa juu ya Daraja la Mkapa. Aliyewahi kusimama pale kiangazi anaujua Rufiji: mchanga mweupe, maji yamejikusanya upande mmoja, watoto wanavua. Jana mchanga haupo. Maji yana rangi ya chai ya maziwa, yametanda hadi macho yanapoishia, na yanapita na migomba mizima pamoja na mizizi yake.

Nilikwenda kwa bodaboda mpaka njia ilipoishia majini, nikamalizia kwa mtumbwi. Mama nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, kiti kiko juu ya matofali. Alikuwa ameniandalia ubwabwa na kitoga wa kukaanga, na mkono wa Idi wa wajukuu ameufunga kwenye pindo la kanga.

Sasa niwaambie kitu nilichokiona. Jiko lake la nje lina nguzo ya mkoko. Mama hachelewi kuamka, na tangu maji yaanze kupanda, kila alfajiri amekuwa akichora mstari wa mkaa kwenye nguzo ile, pale maji yalipofika. Nilihesabu mistari tisa. Ya chini imeachana kwa kidole kimoja, mingine vidole viwili. Kutoka mstari wa juzi mpaka wa jana ilikuwa shibiri nzima. Nilipima kwa mkono wangu.

Na mimi nilikuwa nampigia simu kila siku baada ya kufuturu! Namuuliza, "Shikamoo mama, habari za huko?" Ananijibu, "Marahaba mwanangu, nzuri, tunamshukuru Mungu." Nami nakata simu, nalala.

Hakunidanganya. Ndivyo tunavyosalimiana. Mtu hata yuko msibani utamuuliza habari, atakujibu njema, halafu ndipo aseme "ila". Ile "ila" ndiyo habari yenyewe, na kwenye simu ya dakika mbili, bando linaisha na watoto wanapiga kelele, huwa haifiki.

Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu. Salamu za Idi mwaka huu, kila mwenye ndugu karibu na mto, mlima, bonde au bahari, asiishie kwenye "habari". Aulize: maji yamefika wapi? Yamefika mlangoni, dirishani, au bado yako shambani? Swali hilo mtu hawezi kulijibu "nzuri". Kisha leteni majibu hapa, tusaidiane.

Mama nimemtoa. Yuko Chumbi kwenye mwinuko, kwa shangazi. Alibeba Msahafu, mkeka, sufuria mbili, na ndoo ya mbegu ya mpunga yenye mfuniko. Mbuzi wawili walipanda mtumbwi wa jirani.

Binti Ifakara, 11 Aprili 2024

Idi Mubarak kaka. Mimi Pasaka yangu, tarehe 31 Machi, nilikwenda kanisani na ndala mkononi. Pole sana kwa mama, na ahsante kwa swali lako, maana mimi ndiye ninayepaswa kukujibu.

Watu wa chini mnapaswa kujua kitu kimoja. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka kwetu Kilombero. Bonde letu ni kama sinia: mvua ikishuka Udzungwa na milima ya Mahenge, maji yanatandaa hapa kwanza, yanakaa, ndipo yanatoka taratibu kwenda kukutana na Luwegu na baadaye Ruaha Mkuu. Kwa hiyo mto ukivimba Ifakara leo, kwenu Mohoro hauvimbi leo. Mnazo siku kadhaa mkononi. Na siku hizo nyie huwa mnazilala kwa sababu kwenu jua linawaka.

Kuanzia kesho nitapita darajani kila asubuhi nikienda kazini, nitaandika hapa maneno mawili tu: yamepanda au yameshuka. Mimi si mtaalamu wa maji, taarifa rasmi zipo na zifuateni. Ila jicho langu ni lako.

Mwana wa Mohoro, 11 Aprili 2024

Dada umenifanya nikae kimya dakika nzima. Miaka yote tumetumiana kadi za Pasaka na Idi, sikuwahi kufikiri kwamba wewe unakaa juu ya mto na mimi chini yake.

Mchangiaji wa Temeke, 12 Aprili 2024

Mkuu pole. Lakini tuseme ukweli, hayo maji si ya mvua, ni bwawa limefunguliwa. Kila mtu anajua.

Mwana wa Mohoro, 12 Aprili 2024

Ndugu yangu, jambo hilo linazungumzwa hata kwenye mitumbwi, silikwepi. Bwawa la Julius Nyerere limeanza kuzalisha umeme Februari mwaka huu, na ni kweli maji yanafunguliwa. Maelezo ya Serikali ni kwamba mvua zimezidi, na kwamba bila bwawa mafuriko yangefika mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Wakulima wana maswali yao, na wana haki ya kuyauliza.

Ila naomba tusisahau. Rufiji ilifurika kabla ya bwawa kuwepo. Wazee wetu waliishi bondeni kwenye madungu, nyumba zilizosimama juu ya nguzo, mto ukipita chini yake. Babu yangu alizaliwa dunguni. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 watu walihamishiwa nyanda za juu, vijiji vikapangwa upya, na ujuzi wa kujenga dungu ukaanza kufa. Mashamba yalibaki kule kule chini. Tukarudi tukajenga nyumba za tofali chini, bila nguzo.

Na mto huu si adui. Maji yakishuka yanaacha tope jeusi, na kwenye tope hilo tunapanda mlau, yaani mahindi na kunde zinazokomaa kwa unyevu wa ardhi bila tone la mvua. Anayetushauri "ondokeni bondeni kabisa" hajawahi kula mahindi ya mlau. Tunachohitaji ni kujua mapema, na mahali pa kukaa kwa miezi miwili.

Dereva wa Tana, 12 Aprili 2024

Idi Mubarak kutoka Hola, Kenya. Sisi huku tunauliza swali hilo tangu Novemba, mvua za El Niño zilipotukuta. Tana imekula barabara, imerudi, imekula tena.

Siku ya kuamkia Idi, tarehe 9, basi lililokuwa na abiria 51 lilisombwa na maji kwenye barabara karibu na Garissa. Watu walipanda juu ya paa la basi. Alhamdulillahi wote waliokolewa. Wengi wao walikuwa wakisafiri kwenda kula Idi kwao.

Mimi ni dereva, na nawaambia wanaosafiri sikukuu: usimwambie dereva "jaribu tu". Abiria ndio hutusukuma. Mtu ana keki ya mtoto mapajani, ameahidi kufika, anaona maji ni ya goti tu. Maji ya goti yanayokimbia yanabeba gari. Ukiona lami haionekani, hujui kama chini bado kuna lami. Kaa, lala njiani, Idi utaila kesho.

Binti Ifakara, 13 Aprili 2024

Yamepanda.

Mkazi wa Ruwi, Jumapili 14 Aprili 2024

Assalamu alaykum jamaa zangu, na skukuu njema japo imekwisha. Mie niko Muscat, Oman, mwaka wa kumi na moja sasa. Nimeupitia uzi huu usiku, nimelia.

Huku likizo ya Idi ilimalizika Alkhamisi. Leo ndio siku ya kwanza watu kurudi kazini na watoto skuli, na leo ndio mvua imeshuka. Huko Samad al-Shan, upande wa Mudhaibi, gari lililobeba wanafunzi limechukuliwa na wadi. Watoto wamefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Walikuwa bado wana hina ya Idi mikononi, nnavyowafikiria.

Kwa msioijua wadi: ni mto usiokuwa na maji. Mwaka mzima mawe na changarawe, watu huegesha magari, vijana hucheza mpira. Mvua ya Muscat kwa mwaka mzima ni kama milimita 100. Sasa mvua hiyo ikishuka kwa mkupuo kwenye milima ya Hajar, jiwe halinywi maji. Wewe uko chini, juu yako jua, hata wingu huna, mara unasikia mngurumo kama lori la kokoto, na maji hayo yashafika. Tuliyaona kwa Gonu mwaka 2007, tukayaona kwa Shaheen 2021, na bado mtu anaivuka wadi kwa sababu jana aliivuka.

Mama yangu yuko Wete, Pemba. Kanipigia adhuhuri, "Mwanangu, khabari za huko?" Nikamjibu, "Kwema mama." Wallahi nimesema kwema, na uani kwangu maji yamefika kwenye ngazi ya pili. Nimekata simu, nimekumbuka maneno ya ndugu yetu wa Mohoro. Nimempigia tena. Nimemwambia, "Mama, maji yamefika ngazi ya pili, watoto wako juu na mie, hatutoki." Kanyamaza, kisha kanambia, "Afadhali umenambia, sasa najua niombe nini."

Mchangiaji wa Deira, Jumatano 17 Aprili 2024

Ruwi, mvua iliyotoka kwenu imetufuata Dubai. Jana ilikuwa giza mchana. Khatm al-Shakla, upande wa Al Ain, zimepimwa milimita 254 kwa chini ya saa 24, na wanasema nchi haijapata mvua kama hii tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Ndege zilikuwa zinatembea ndani ya maji uwanjani. Kuna jamaa zetu walikuwa wanarudi kutoka Idi Tanga na Mombasa, wamekwama, wanalala sakafuni. Wenye ndugu safarini, watumieni ujumbe mfupi, msiwapigie. Chaji za simu zinaisha na hakuna pa kuchaji.

Buyenzi, 18 Aprili 2024

Salamu toka Bujumbura. Mtaa wetu wa Buyenzi tumekula Idi vizuri, ila ndugu zetu wa Gatumba wametukuta hapa hapa, kila nyumba ina wageni. Rusizi imetoka njia yake, na Ziwa Tanganyika limepanda hadi nyumba za ufukweni zimo majini. Maji ya ziwa hayana haraka kama hayo ya Oman. Yanakuja polepole, na hayaondoki. Watu wa Uvira ng'ambo ya pili wanasema hivyo hivyo. Nimewauliza swali la uzi huu: yamefika dirishani.

Binti Ifakara, 19 Aprili 2024

Yamepanda kidogo. Jana yalisimama.

Mwana wa Mohoro, Alhamisi 25 Aprili 2024

Mrejesho. Leo Waziri Mkuu Majaliwa amelieleza Bunge kwamba mvua hizi zimeua watu 155 nchini na kujeruhi 236. Kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika, watu zaidi ya laki mbili. Nimesikiliza nikiwa nimeshika simu, nikawa nawahesabu wale ninaowajua.

Nyumba ya mama ukuta wa nyuma umekwenda. Tofali za udongo haziangukii kwa kishindo, zinayeyuka kama sukari guru. Nguzo ya jiko imesimama, ila mistari yote tisa iko chini ya maji.

Naomba niandike ninayoyajutia, huenda yakamfaa mtu. Tulitoa vyombo tukasahau kadi ya kliniki ya mama na dawa zake za presha. Siku ya tatu ilibidi kijana arudi kwa mtumbwi, na mamba wako hadi kwenye mashamba ya watu. Tena alirudi jioni. Namshukuru Mungu alifika. Kwa hiyo karatasi na dawa kwanza, kwenye dumu lililokatwa au mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili. Sufuria zinanunulika.

La pili ni choo. Vyoo vya shimo vikifurika, kisima hakinyweki, hata maji yawe meupe namna gani. Kule Chumbi shangazi anachemsha ya kila mtu, kuni zimelowa, moshi umejaa nyumba, lakini anachemsha.

Mchangiaji wa Temeke, 25 Aprili 2024

Mkuu, mimi ndiye niliyesema habari za bwawa. Nina magodoro mawili na mashuka. Niambie gari gani linakwenda Chumbi.

Dereva wa Tana, 29 Aprili 2024

Ndugu, huku ni kilio. Jana boti imepinduka Madogo, karibu na Garissa, watu wakijaribu kuvuka pale barabara ilipokatika. Na leo alfajiri maji yameshuka Mai Mahiu usiku watu wamelala, yamebeba nyumba na magari. Shule zilikuwa zifunguliwe leo, zimesogezwa mbele. Mabinti zangu wako nyumbani. Sina la kuongeza leo.

Mkazi wa Ruwi, 29 Aprili 2024

Pole sana kaka. Sote tuko nawe.

Mvuvi wa Kilindoni, Ijumaa 3 Mei 2024

Mimi ni msomaji tu wa uzi huu, leo naandika. Niko Mafia. TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wametangaza kimbunga Hidaya kinakuja upande wetu. Wazee wanasimulia kile cha 1952 kilichopiga Lindi, na sisi vijana tulidhani ni hadithi, kwa sababu huku karibu na ikweta vimbunga huwa vinapita kusini, Msumbiji na Madagaska.

Tumevuta ngalawa hadi juu chini ya minazi, tumelaza milingoti, tumezifunga kwa kamba mbili mbili na kuzijaza mchanga ili upepo usizinyanyue. Nyavu ziko ndani ya nyumba, tunalala juu yake. Boti za Nyamisati zimesimama. Bahari sasa hivi ina rangi ya risasi, na ndege wa baharini wamekuja kukaa nchi kavu, wamejaa uwanja wa mpira.

Nyie wa bara mnaosema kimbunga kiko mbali, huo upepo unabeba mvua. Rufiji na Kilwa mjiandae.

Mwana wa Mohoro, 4 Mei 2024

Kilindoni, umeamka? Tuambie.

Mwana wa Mohoro, 4 Mei 2024

Bado tunakusubiri.

Mvuvi wa Kilindoni, Jumapili 5 Mei 2024

Niko hai, sote tuko hai. Mtandao ulikatika. Kimbunga kimefika kwetu kikiwa kimepungua nguvu, lakini usiku ule sikuweza kusikia sauti ya mke wangu aliyekaa hatua mbili kutoka kwangu. Bati sita zimekwenda. Mnazi mmoja umeangukia ngalawa ya jirani, ya kwangu ni nzima, na nimemwambia tutavua naye kwa zamu mpaka apate nyingine.

Nasikia Kilwa ndiko kulikoumia, barabara ya Lindi imekatika Somanga.

Binti Ifakara, 20 Mei 2024

Yameshuka. Yameshuka kwelikweli, nimeona ukingo. Kaka, mwambie mama asirudi leo, yale yaliyoko kwetu bado yako njiani kuja kwenu.

Mwana wa Mohoro, 20 Mei 2024

Nimemwambia. Ameuliza huyo binti ni nani, nikamweleza. Amesema mpunga wa kwanza kuvunwa ni wako, na ukikataa umemkosea.

Mkazi wa Ruwi, Jumatatu 17 Juni 2024

Idi Mubarak tena jamaa zangu, leo Idi kubwa. Huku ni joto tupu. Ami yangu yuko Hija, na huko Makka joto limepita nyuzi 51. Watu wanaanguka njiani. Mwaka huu nimejifunza: sikumuuliza hali, nimemuuliza, "Ami, umekunywa maji saa ngapi?" Kanijibu hajanywa tangu alfajiri, chupa kampa bibi mmoja wa Kisudani. Nimebaki naye kwenye simu mpaka kapata nyingine, nimemsikia akinywa.

Mwana wa Mohoro, 17 Juni 2024

Idi Mubarak dada, Mungu amrudishe ami salama.

Mama amerudi Mohoro. Tumemwezeka chumba kimoja kwanza, ukuta wa nyuma tunausimamisha kwa miti na udongo hadi tupate tofali. Mahindi ya mlau yameshatoka ardhini, majani manne manne, kijani kilichokolea.

Nimempigia saa moja asubuhi. Shikamoo, marahaba. Nikamuuliza maji yamefika wapi. Akasema yamerudi mtoni kwake, ila nguzo ya jiko imeoza kwa chini, fundi anakuja Alhamisi kuweka nyingine. Nikamwomba asiitie motoni ile ya zamani. Akasema hata hakuwa na wazo hilo: ameshamwagiza fundi azilaze pamoja, azipime, na aihamishe mistari kwa ncha ya panga, maana mkaa umefutika nusu.

Binti Ifakara, 17 Juni 2024

Idi njema kaka. Mchanga unaonekana darajani.